Kata Tatu za Kisima cha Kona

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wafalme na majini wanaooa binti za watu, ni zamani hii ya karibu ambayo vumbi lake bado sijalikung'uta kwenye suruali, palikuwa na mji uitwao Mhongeze. Nasema palikuwa, kwa sababu sijui mpaka mtakapomaliza kunijibu kama bado utakuwepo.

Mimi nimetembea, jamani. Nimelala kwenye vituo vya mabasi ambavyo hata mabasi yenyewe hayakubali kulala. Tumbo hili mnaloliona si la ulaji, ni la maji ya mikoa. Nimekunywa maji ya chumvi, nimekunywa maji ya magadi, nimekunywa maji yaliyotoka bombani yana rangi ya chai na hayana sukari. Mengine yalinilaza wiki nzima nikijuta kuzaliwa. Lakini maji ya Mhongeze ndiyo pekee niliyowekewa mbele yangu, nina kiu, nikashindwa kuyanywa. Na hayakuwa machafu. Hadithi ndiyo hiyo. Sogeeni.

Mhongeze ipo nchi kavu, kule katikati, ambako mvua huja kama mjomba mwenye gari: kelele nyingi, hakai, na akiondoka kila mtu anauliza kaacha nini. Kando ya mji linapita korongo liitwalo Lusolwa. Mgeni akiliona hucheka. Ni mto wa mchanga mtupu, mpana, mweupe, hauna hata chura wa kusingizia. Lakini maji yalikuwamo, yamelala chini. Mvua ikishuka milimani korongo linafurika na kuvuma, kisha maji yanazama mchangani, yanajifunika humo jua lisiyaone. Kiangazi kizima unachimba kwa mikono, unangoja, shimo linatoa jasho, jasho linakuwa kidimbwi, unachota taratibu kwa kata. Mchanga ndio uliokuwa mtungi wao.

Kata mnaijua, ule upawa wa kibuyu wenye mkono mrefu. Mhongeze kila mtu mzima alikuwa na yake. Anapewa siku anapooa au kuolewa, anazikwa nayo.

Basi mji ukakua. Barabara ya lami ilipita, magari yakasimama, watu wakashuka kununua karanga, na wengine hawakupanda tena. Ikajengwa shule: mchanga ukatoka korongoni. Ukajengwa msikiti: mchanga ukatoka korongoni. Likajengwa kanisa, maana msikiti umeshajengwa: mchanga ukatoka korongoni. Kikajengwa kilabu cha pombe kwa ajili ya waliochoshwa na majirani wote wawili: mchanga ukatoka korongoni. Kila familia mpya ilikuja na ndoo ya kutekea maji na kuagiza mkokoteni wa mchanga wa kujengea, ikamshukuru Mungu kwamba vyote vinapatikana mahali pamoja.

Mji ukapanda, mchanga ukashuka. Visima vya kuchimba kwa mkono vikawa vya kuchimba kwa jembe. Vya jembe vikawa vya kushuka kwa ngazi. Vya ngazi vikagonga mwamba. Walikuwa wanavunja mtungi wajengee jiko, halafu wanashangaa uji watapikia nini.

Kikabaki kisima kimoja kitamu, pale korongo linapopinda na mwamba wa chini umekaa kama bakuli. Wakakiita Kisima cha Kona. Kilizungushiwa uzio wa miiba, na mlango wa uzio ulikuwa wa bibi Nyemo, kama ulivyokuwa wa mama yake na wa nyanya yake. Bibi Nyemo alikuwa mwembamba, mkavu, ana ulimi kama mwiba wa uzio wake. Ukimpa shikamoo anakuangalia kwanza kama unastahili marahaba.

Ikaitwa mikutano. Mwenyekiti wa mji alikuwa mama Sechelela, mwanamke mnene na mpole aliyeongoza vikao huku akichambua mchicha. Akamwita Haule, afisa mipango, aliyeletwa kutoka kusini, kwenye milima ya mvua, na ambaye watu walimwita Bwana Mipango. Akamwita bibi Nyemo. Akamwita Chiduo, mchimba mchanga, mwenye mabega kama milango na mikokoteni ya punda.

"Mji umekuwa mkubwa kuliko maji yake," akasema Haule. "Tukienda hivi hivi, tutabaki na nyumba nzuri za kufia."

"Viwanja aligawa nani?" akauliza bibi Nyemo.

"Niligawa mimi, bibi."

"Ukagawa na maji?"

"Maji sikugawa, bibi."

"Haya. Endelea, mwanangu."

Haule akaendelea. Wajenge ukuta kukatisha korongo, chini kidogo ya Kona, kutoka mwamba huu hadi mwamba ule. Mafuriko yakija yapite juu ya ukuta, lakini mchanga yanaobeba uzuiwe nyuma yake. Mvua kwa mvua mchanga utapanda, na maji yatalala ndani yake kama zamani. Mtungi utarudi. Baada ya hapo kiwanja kisigawiwe kabla ya kuuliza korongo lina nini.

"Na mchanga usichimbwe," akamalizia.

"Na mimi nile nini?" akauliza Chiduo. "Ukuta?"

Watu wakacheka. Mama Sechelela akainua macho kutoka kwenye mchicha. "Wewe utaujenga, Chiduo, kisha utaulinda. Mwizi ndiye anayejua dirisha bovu liko wapi."

"Asante kwa sifa, Mama Mwenyekiti."

Tatizo lilikuwa moja. Zege nalo linakunywa. Linakunywa linapochanganywa, na likishamwagwa linataka kunyweshwa asubuhi na jioni, limefunikwa magunia mabichi, mpaka likomae. Zege changa ni kama mzazi aliyejifungua jana. Ukilinyima maji siku za mwanzo, litasimama mbele yako zuri, na ndani limeshapasuka. Na maji ya kulinyweshea yalikuwa yale yale ya Kisima cha Kona, ambayo mji mzima ulikuwa unayanywa. Wangengoja masika wapate maji ya kujengea, mafuriko yangefagia hata kile kilichobaki. Ilibidi ukuta uwahi mvua.

Basi wakakubaliana. Kila nyumba dumu moja kwa siku, la kunywa na kupikia. Mifugo ipelekwe mbali. Kinachobaki ni cha ukuta. Bibi Nyemo ashike maji. Haule ashike ukuta. Chiduo ashike mchanga, usitoke hata kiganja.

Wakaapa kwa desturi ya pale. Watu wote watatu walishuka kisimani, wakatumbukiza kata zao kwa pamoja, hata Haule, ambaye mama Sechelela alimpa kata ya marehemu mumewe ili naye awe mtu wa pale. Na maneno ya kiapo ni haya: atakayeua maji ya Kona, kata yake ivunjwe; na mpaka ivunjwe, mtu asilikwaruze korongo hata kwa ukucha.

Mkidhani kuvunjiwa kata ni jambo dogo, sikilizeni. Aliyevunjiwa kata hachoti, hachotewi, hapewi hata ya kunawa. Mkewe akimpa anavunjiwa yake. Kinachobaki ni kuondoka, na akishaondoka jina lake halitajwi kisimani.

Ukuta ukajengwa. Mchanga wa mwisho wa korongo la chini ukaingia humo. Watu waliimba, kwa kuwa wimbo hauhitaji maji mengi. Ukapanda, ukasimama, ukavikwa magunia, magunia yakaloweshwa. Ikawa mji mzima una kiu na ukuta peke yake umelowa. Wanawake wakipita walipitisha kiganja kwenye gunia, wakajipaka usoni. Watoto waliegemeza mashavu yao pale, wakaambiwa waondoke, wakaondoka, wakarudi. Mzee mmoja alisema, "Nikifa msinivalishe sanda. Nivisheni gunia la ukuta, na mimi nionje." Wakacheka. Walikuwa bado wanacheka wakati ule.

Sasa wa kwanza.

Jua la utosi, bibi Nyemo amekaa kwenye mlango wa uzio, akasikia sauti.

"Hodi kisimani."

"Hodi ya nani?"

"Ya ng'ombe, bibi. Mimi mwenyewe nimeshazoea."

Alikuwa mfugaji kutoka mbali, na nyuma yake kundi limesimama kimya. Ng'ombe mwenye kiu kidogo hulia. Hawa hawakulia. Ndama aliwaacha njiani mmoja mmoja, akasema, kama mtu anayedondosha nguo.

"Maji haya ni ya ukuta, baba," akasema bibi Nyemo.

Mfugaji akautazama ukuta uliolowa, akawatazama ng'ombe wake. "Ukuta una maziwa?"

Mlango ule bibi Nyemo aliurithi pamoja na neno moja: nyanya yake alifika Kona akiwa mgeni, na ng'ombe nyuma yake, akanyweshwa, akaambiwa kisima kinachomnyima mgeni hukauka. Akausogeza mwiba. Ng'ombe wakanywa mpaka jua likashuka, na bakuli la mwamba likabaki tupu. Lilichukua siku kadhaa kujijaza. Siku hizo magunia yakakauka, na jua likafanya kazi yake.

Sasa wa pili.

Haule alikwenda ukutani asubuhi, akainua gunia, akaona ufa. Mwembamba kama unywele, lakini unywele uliotoka chini hadi juu. Alijua maana yake. Ukuta ule ulitakiwa ubomolewe kipande na kumwagwa upya, na maji ya kufanya hivyo hayakuwapo. Akiwa bado ameshika gunia, akasikia nyimbo. Wanawake wa Mhongeze walikuwa wanashuka korongoni, kila mmoja na kikopo. Walikuwa wamesikia kisima kimepungua, wakapunguza maji ya kunywa ya nyumba zao, wakayaleta kuunywesha ukuta.

"Bwana Mipango, mgonjwa ameamkaje?" akauliza aliyekuwa mbele.

Haule akaachia gunia lishuke. "Hajambo," akasema. "Anaendelea vizuri."

Wakamwaga vikopo vyao. Walipoondoka akakoroga uji wa saruji, akaziba ufa kwa juu, akalainisha kwa kidole. Hakumwambia mtu.

Sasa wa tatu.

Chiduo alikuwa na mke, Lea, mimba imekaribia. Zahanati ya Mhongeze ilikuwa na tangi moja la maji, na boza lililotoka mbali ndilo lililolijaza, likija. Msingi wa tangi ukatitia upande mmoja, tangi likainama kama mlevi, na dereva wa boza akakataa kulijaza lisije likamwangukia. Nesi akasema wazi: bila maji sizalishi mtu, nitawapeleka wote hospitali ya wilaya. Na njia ya hospitali ya wilaya watu waliijua. Mke wa jirani yake Chiduo alikuwa amefia njiani humo, na mtoto ndani yake.

Msingi ulitaka saruji, saruji ikapatikana. Ulitaka mchanga. Chiduo akazunguka korongo zima na punda wake, juu na chini. Mwamba. Mwamba. Mwamba. Ukiacha ule wa ndani ya kisima, mchanga uliobaki ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye kisigino cha ukuta, pale alipoapa kuulinda. Akashuka na koleo lake. Alipakia mpaka msingi ukatosha, kisha akasawazisha pale alipochimba, akafagia kwa tawi. Tangi likasimama. Boza likaja. Lea akajifungua mtoto wa kike, akaogeshwa kwa maji.

Kisha mawingu yakaja.

Yalikuja mazito, yenye rangi ya sufuria. Mji mzima ulitoka nje. Watu walilowa makusudi. Korongo lilipoanza kuvuma kutoka juu wakakimbilia ukingoni, wakaona maji mekundu yanakuja yamebeba magogo na mchanga, yakaufikia ukuta, yakapanda, yakapita juu, na ukuta ukasimama. Wakashangilia. Haule alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, watu wakadhani ni furaha.

Kwanza ufa ukafunguka. Halafu kisigino kikaondoka. Ukuta ukalala kama mtu aliyechoka, taratibu, na mafuriko yote yaliyokuwa yamezuiwa nyuma yake yakashuka kwa mkupuo mmoja. Yalipopungua, Kisima cha Kona hakikuwapo. Bakuli lilifagiliwa pamoja na kila chembe ya mchanga wake. Ukabaki mwamba, unang'aa. Mvua nyingine zikaja, maji yakapita juu ya mwamba ule mbele ya macho yao, yakaenda zake, hayakuwa na pa kulala.

Mama Sechelela akawaita pale pale, kwenye mwamba. Safari hii hakuwa na mchicha.

"Nilikula kiapo, nikakivunja," akasema bibi Nyemo. "Lakini nisikilizeni. Kiapo chenu kina umri wa ukuta. Neno la mgeni nimelikuta. Ningemfukuza yule baba, ng'ombe wangefia hapa mlangoni, na maji ya Kona yangekuwa ya kuua. Ninyi wote baba zenu walifika hapa na kiu. Nani aliwafungia mwiba?"

"Wale ng'ombe sasa wapo wapi, bibi?" akauliza mmoja.

"Wanakula majani huko walikokwenda. Walitaka kuishi, wakaishi. Ni wapi tena duniani mlisikia hilo ni kosa?"

"Nilikula kiapo, nikakivunja," akasema Haule. "Lakini nisikilizeni. Ningesema ufa upo, mngefanya nini? Maji ya kujengea upya hayakuwapo. Mngegombea kidogo kilichobaki kwa mapanga. Niliwaona akina mama na vikopo vyao. Nikasema moyoni, pengine utasimama. Nyufa ngapi zimesimama? Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba."

"Uliziba macho yetu," akasema mama Sechelela. "Mke wa mwanangu alikuja na kikopo kile, nyumbani mtoto analia. Angejua, angempa mtoto."

Haule akainamisha kichwa.

"Nilikula kiapo, nikakivunja," akasema Chiduo. "Lakini nisikilizeni. Miaka yote mchanga ulitoka korongoni kwa koleo langu, nikiitwa fundi, nikiitwa baba, nikiharakishwa. Siku niliyouchukua kwa ajili ya akina mama wanaozaa, ndiyo siku nimekuwa mwizi. Mama Mwenyekiti, ukumbi wako wa mikutano ulijengwa kwa mchanga wa wapi?"

"Wa korongoni."

"Nani aliyeagiza?"

"Usinijibu kwa maswali, Chiduo."

"Sina kingine cha kujibia, mama."

Watu wakatazamana. Wengine waligeuka wakatazama mji kule juu, nyumba zilivyopangana, imara, nyeupe. Halafu wakaacha kutazama.

Mabishano yakaanza. Wakasema ivunjwe ya Nyemo, ng'ombe wale wasingekunywa ukuta usingepasuka. Wengine wakasema tukivunja ya Nyemo tumevunja ya nyanya yake, na mgeni ajaye tutampokea kwa jiwe. Wakasema ivunjwe ya Chiduo, kisigino ndicho kilichotangulia kuachia. Wengine wakasema kilichotangulia ni ufa, waliona kwa macho. Na ikivunjwa ya Chiduo, Lea atambeba mtoto aende wapi?

Haule akasimama. "Vunjeni yangu. Mimi si wa hapa. Nikiondoka nitapangiwa mji mwingine."

Walifurahi, nawaambieni ukweli, kwa muda wa pumzi moja walifurahi. Bibi Nyemo ndiye aliyekataa.

"Hapana, mwanangu. Wewe kata umeazimwa. Ukivunjiwa utakunywa kwenu, kwenye mvua. Kata ivunjwe ya mtu itakayemkausha koo. Vinginevyo tunacheza, na korongo halichezi na mtu. Vunjeni yangu mimi. Nimebakiza kunywa kidogo."

"Hatuvunji kwa huruma, bibi," akasema mama Sechelela. "Huruma ndiyo imetufikisha hapa."

Wakatawanyika bila kuvunja. Wakakutana tena. Wakatawanyika. Mvua zikaisha. Boza likaja likichelewa, kisha likaja likisahau. Familia zikaanza kung'oa mabati, zikapakia, zikaondoka na paa na kuacha kuta. Kuta ni mchanga, mchanga hausafiri mara mbili.

Na hapa ndipo nilipofika mimi, kwa ufundi wangu wa kufika mahali wakati mbaya. Nimewahi kufika harusini siku ya talaka. Basi letu liliharibika barabarani, nikatembea na begi kichwani hadi Mhongeze, ulimi umekuwa mkubwa mdomoni kama kiatu cha kuazima. Nikawaona watu wamekaa juu ya mwamba, hawaongei. Nikasema, "Hamjambo wenyeji. Naomba maji."

Wakanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa, na mimi nimewahi kuoa.

"Huyu hana nyumba hapa," akasema mmoja.

"Hana ndugu," akasema mwingine.

"Na ana kiu," akasema mama Sechelela. Akanikalisha. Akanisimulia yote haya niliyowasimulia, bila kumpendelea mtu, na watatu wale wamekaa mbele yangu, kila mmoja akitikisa kichwa penye ukweli wake. Lea alikuwa pembeni amempakata mtoto. Kisha ikaletwa ndoo, na chini yake maji ya boza ya mwisho. Mama Sechelela akajaza kata ya Nyemo, akaiweka mbele yangu. Akajaza kata ya Haule, akaiweka. Akajaza kata ya Chiduo, akaiweka.

"Mgeni hanyimwi maji," akasema. "Kunywa. Ila kata moja utaiacha imejaa, na hiyo ndiyo tutakayoivunja."

Nilijaribu kuchekesha. Nikasema, "Mama, mimi hata menyu ya hoteli hunishinda." Hakucheka mtu.

"Niacheni kwanza nifikiri," nikasema.

"Fikiri, baba. Jua nalo linafikiri."

Na kweli, maji ndani ya kata yalikuwa yanapungua, unaona kabisa ule mstari wa unyevu ukishuka kwenye kibuyu. Nikageuza macho nisiyaone, ndipo nikaiona Kona. Mvua za mwisho zilikuwa zimerudisha mchanga kidogo, umejaza lile bakuli la mwamba. Katikati yake mchanga ulikuwa na rangi nzito, rangi ya kitu kilicholowa kwa chini. Kware wawili walikuwa wanaparua pale, wanainamisha vichwa, wanainua, wanameza. Ndege hawakuapa. Watu wote wa Mhongeze walikuwa wanawatazama, mikono imelala mapajani, na hakuna aliyeinuka.

Bibi Nyemo akaona ninachokiona. "Chagua tu, mjukuu wangu," akaniambia, kwa upole ambao sikuwa nimeambiwa kwamba anao. "Hutaniudhi."

Chiduo alikuwa anamtazama mtoto wake. Haule alikuwa anaitazama kata ile ya kuazimwa kama mtu anayeiomba radhi.

Nikaomba ruhusa niende nikaulize watu wenye akili kuliko mimi, maana wapo wengi, kila ninakokwenda nawakuta. Mama Sechelela akamwaga kata zote tatu ndani ya ndoo, polepole, lisidondoke tone. "Nenda," akasema. "Wewe una miguu. Sisi tupo, tutakwenda wapi?" Nikaondoka na kiu yangu, na mpaka leo sijaiona kiu nyingine kama ile.

Kata tatu zimetundikwa kwenye nguzo ya mwisho ya uzio wa miiba, na mchanga wa Kona bado haujaguswa. Mimi kila ninapofika nakaa, nauliza. Hapa nimewakuta mmekunywa, makoo yenu yamelowa, hakuna ndugu yenu kati ya wale watatu. Haya, ziko mbele yenu: ya Nyemo aliyefungua mwiba, ya Haule aliyeziba ufa, ya Chiduo aliyechimba kisigino. Chukueni kwamba mna kiu, na kata moja mtaiacha imejaa.

Je, mngeiacha ya nani?